Vyungu vya bankambo na mushahara wetu

Kila mara nikiwaambia wenzangu wa kazi tupeleke batoto ku mize ya Lubumbashi, wanacheka. "Mutu wa sendika, unaacha mambo ya mushahara, unatuletea mambo ya vyungu!" Basi leo ninaandika, bote basome: mambo ya vyungu njo mambo ya mushahara.

Ile mize iko tangu 1946. Kutoka Likasi ni kilomita karibu 120. Ndani muko misalaba ya shaba ya bankambo. Waliyeyusha malakiti kwa makaa ya miti, mu tanuru ya udongo wa kichuguu, mivukuto ikipuliza, kisha wakamwaga shaba katika kalibu. Kwenye kijito cha Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, wataalamu walikuta mahali pa kuyeyusha shaba pa karne ya 4. Ku Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yalifunguliwa 1957 na 1958: watu walizikwa na vyungu, majembe, bangili za shaba, na katika makaburi ya nyuma misalaba midogo iliyokuwa feza yao. Chini ya Kisale hakuna shaba. Ilitoka huku kwetu, kwa miguu.

Union Minière ilizaliwa 1906, ikamwaga shaba yake ya kwanza 1911. Muhesabu wenyewe. Mtoto wa Kikula ao wa Panda anayefikiri kazi hii ilikuja na treni, atasimama mbele ya ofisi ya kampuni kama mutu anayeomba sadaka. Yule anayejua, atasimama namna ingine.

Sasa musikie ya Waroma, juu nao walikuwa watu wa migodi. (Hata neno la Kifaransa tunaloita shaba, cuivre, linatoka kwa jina la kisiwa cha Kupro, mahali walipoipata.) Ku Ureno, mahali panaitwa leo Aljustrel, walichimba shaba na feza. Mu 1876 na 1906, kati ya takataka za mugodi, zilionekana bamba mbili za shaba nyeusi zenye kuandikwa sheria za mugodi ule, za karne ya 2. Mize za Lisbon ndizo zinazitunza.

Zinasema nini? Mashimo yote yategemezwe vizuri, na mti uliooza ubadilishwe. Nguzo zilizoachwa kushikilia mugodi, marufuku kuzigusa. Mwenye kupanga bafu apashe maji moto kila siku, wanawake asubuhi, wanaume mchana mpaka usiku, na bei imeandikwa. Mwalimu wa shule asilipishwe kodi na mkubwa wa mugodi. Siwasifu: mtumwa aliyeharibu nguzo alipigwa fimbo na kuuzwa. Lakini miaka 1,900 iliyopita Kaisari alijua kwamba mti uliooza unaua, na aliandika juu ya chuma kisichopasuka kama karatasi. Siye tuko na mashimo ngapi ambamo sheria ya usalama haijabandikwa popote, wala kwa Kifaransa, wala kwa Kiswahili?

Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Tunaomba shule, tunaomba maji, ni vizuri, hiyo ije kwanza. Lakini ninaomba pia nyumba moja ndogo hapa Likasi: taa za zamani za chini ya udongo, kofia, vipande vya kazi, picha za kambi, na majina ya wale waliobaki mu mashimo. Wazee wa Shituru na Kambove wanakufa, na vitu vyao vinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Bamba lile la Ureno lingepimwa hivyo, lingekuwa sufuria.

Ba papa na ba mama wenye kuwa na vitu vya zamani, musiviuze kwanza. Muvilete kwa wajumbe wenu wa sendika, tutaandika jina la mwenye navyo na mwaka alioingia kazi.