STAA ABANDIKA SPONJI ZA GODORO, AITA STUDIO!

Wiki hii staa mmoja wa Bongo, yule mwenye podikasti ya kuwachamba wenzake, kaposti studio yake mpya. Ukuta mzima sponji nyeusi, trei za mayai darini, taa za zambarau, eti "humu hata honi haiingii". Mashabiki wakamwaga mioto. Kipindi kilipotoka sasa: sauti kama mtu yuko ndani ya pipa, na bodaboda inasikika safi kabisa!

Ukweli usemwe. Sponji haizuii sauti, inaimeza. Ina vitundu vilivyoungana. Hewa inayotikiswa na sauti ikiingia humo inasuguana na kuta zake, nguvu inageuka joto dogo sana. Ndiyo maana mwangwi unapungua. Ila kinachopitisha hewa kinapitisha na kelele. Kuzuia bodaboda ni kazi ya ukuta mzito na mlango usio na upenyo.

Unene nao una maana yake. Sponji ya sentimita 3 inakula "s" na "ch", besi inabaki inarandaranda. Wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa kama mita 3.4, sponji nyembamba italifanya nini? Trei za mayai ndiyo kabisa, ni pambo tu.

Hiyo ya sauti mbaya ni aibu yake mwenyewe. Kubwa ni moto. Februari 2003, West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani klabuni. Watu 100 wakafa. Januari 2013, Santa Maria, Brazil, stori ile ile: zaidi ya 240, wengi kwa moshi wenye sumu. Huyu kapitisha nyaya za taa juu ya sponji, chumba hakina dirisha, na madogo wanaiga!

Asiye na hela arekodie karibu na kabati lililojaa nguo, zulia chini, kochi la kitambaa pembeni. Mwenye nazo anunue paneli nene za sufi ya mawe, isiyoshika moto, aziachie nafasi kidogo na ukuta. Hazipendezi kwenye picha, lakini zinafanya kazi.

Mdau, ya kwako uliuliza dukani kama inashika moto, au uliangalia rangi tu? Dondosha komenti.