Mtoto Mlegevu: Tuache Kumlaumu Mama

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa wa misuli wa kurithi, ambao mtoto huzaliwa nao. Ni ugonjwa wa nadra. Aina yake mojawapo, iitwayo nemalini, inakadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 50,000. Lakini kwa familia iliyompata mtoto huyo, unadra huo si faraja. Majirani hawajapata kuuona, na maneno huwa mengi.

Mtoto huyu ni mlegevu tangu siku za kwanza. Ukimnyanyua, kichwa, mikono na miguu huning'inia. Kilio chake ni hafifu, ananyonya kwa shida, anachoka upesi, na maziwa humpalia. Huchelewa kukaza shingo, kukaa na kutembea. Kwa kuwa misuli ya uso nayo ni dhaifu, pengine hatabasamu, na watu husema hana akili. Wanakosea. Mara nyingi akili yake ni timamu. Kasoro iko katika nyuzi za misuli, ambazo hazikuundwa sawasawa tangu tumboni.

Angalizo: si kila mtoto mlegevu ana ugonjwa huu. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri, kisha akalegea ghafla, huenda ana maambukizo ya hatari. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Hapa kwetu Tabora nguvu ni sifa ya tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama kilo 30 hadi Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu. Tunajivunia sifa hiyo. Ila tusiendelee kumpima mtu kwa mabega yake tu. Akizaliwa mtoto asiye na nguvu, lawama humwangukia mama: eti alivunja mwiko, amerogwa, au ukoo wao una mkosi.

Ukweli ni huu. Kila mtu hupokea chembe za urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Katika aina nyingi za ugonjwa huu, mtoto huugua pale tu anapopokea chembe yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Wazazi wenyewe ni wazima kabisa, wala hawajui wanachokibeba. Kwa kila mimba yao, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kwa 4, na kila mimba hesabu huanza upya. Wazazi walio mabinamu wana hatari zaidi, kwa sababu babu na bibi yao ni wale wale. Zipo aina ambazo mzazi mmoja tu hupitisha, zipo zinazotoka kwa mama kwenda kwa watoto wa kiume, na zipo zinazoanza kwa mtoto mwenyewe. Hakuna hata moja ambayo mama aliichagua. Basi baba anayemrudisha mkewe kwao kwa ajili ya mtoto kama huyu, mara nyingi anaikimbia nusu aliyoitoa yeye mwenyewe.

Tunasema haya kwa sababu lawama hufunga midomo, na ukimya unaweza kuua. Daktari anahitaji habari za koo zote mbili. Nani alichelewa kutembea? Ni watoto gani walifariki wachanga? Nani aliwahi kupata matatizo baada ya kupewa dawa ya usingizi? Swali hili la mwisho ni zito. Kwa wenye baadhi ya aina za ugonjwa huu, dawa fulani za usingizi, kama halotani, huweza kupandisha joto la mwili hadi kuua. Kabla ya upasuaji wowote, mtaalamu wa usingizi aambiwe. Wakwe na wazazi wakae pamoja, waandike habari hizo, na karatasi iende na mtoto hospitali.

Anzieni kituo cha afya au Hospitali ya Kitete. Ikihitajika, mtapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Dawa ya kuponya bado haipo, ila msaada upo mwingi. Mtoto alishwe polepole, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Apate chanjo zote. Kikohozi kitibiwe mapema, maana misuli ya kupumulia ni dhaifu. Afanyiwe mazoezi ya viungo ili visikakamae, na mgongo wake uangaliwe usipinde.

Akifika umri wa kwenda shule, asifichwe ndani. Wengi wa watoto hawa hawazidi kudhoofika upesi, na wengine hupata nguvu kidogo kidogo. Asiyeweza kubeba ndoo ya maji anaweza kushika kalamu. Abebwe mgongoni au kwa baiskeli, lakini afike darasani.