Betri za kuchaji: usidanganywe na namba kubwa

Bibi harusi akipanga vitu vya nyumba yake, mapazia na mashuka hayasahauliki. Betri hakuna anayezikumbuka mpaka umeme ukatike usiku na tochi haiwaki.

Mimi nasema nunua za kuchaji, tena bora nne nzuri kuliko kumi za bei chee. Dukani usikimbilie namba kubwa. Betri ya AA ya kuchaji, ile ya NiMH, kwa kawaida hubeba mAh 2000 hadi 2700 hivi. Ukiona imeandikwa 5000, irudishe. Ulizia zile zinazotunza chaji hata zikikaa kabatini miezi, na chaja inayojizima betri zikijaa.

Ziweke kwenye tochi na vitu vya watoto vinavyokula betri. Saa ya ukutani na rimoti betri za kawaida zinazitosha, maana zinakaa miezi mingi.

Bwana akisema ghali, mpigie hesabu: betri nzuri huchajiwa mara mamia. Israfu ni kununua kibovu kila wiki na kukitupa jaani.