Mazishi ya Asiye na Hati ya Mshahara

Mtumishi wa umma wa Tanzania akifariki, mwajiri wake hubeba gharama za msingi za mazishi: jeneza au sanda, na usafiri wa mwili hadi mahali pa maziko. NSSF nayo hutoa msaada wa mazishi kwa familia ya mwanachama wake. Nami ni mtumishi, na sioni haya kuutetea utaratibu huo. Ni wa kiutu.

Ninalouliza ni hili: mama lishe anayetupikia nje ya lango la chuo, akifariki, atazikwa na nani? Atazikwa kwa daftari la michango, na kwa chama chake cha kufa na kuzikana iwapo hadaiwi ada. Vyama hivyo ni hazina yetu, ila vina kasoro moja: maskini huchangiwa na maskini wenzake. Nauli ya maiti kutoka Dar es Salaam hadi Kagera haipungui kwa kuwa mfiwa ni mchukuzi wa mizigo. Na bili ya hospitali ilipobaki, mwili wenyewe umewahi kugeuzwa rehani.

Wapo wanaohofu kwamba mkono wa serikali utaua desturi ya kusaidiana. Sikubaliani nao. Je, nani amewahi kuona majirani wakisusia msiba wa mwalimu kwa sababu jeneza limenunuliwa na halmashauri? Serikali igharimie kaburi, jeneza au sanda, na usafiri. Rambirambi, chakula cha matanga na kukesha na wafiwa vibaki kwa jamii.

Hoja ya uhaba wa fedha ni nzito zaidi. Kwa hiyo tuanze na kaya maskini ambazo TASAF imekwisha kuzitambua. Tujifunze pia kwa wengine: Uingereza huzisaidia familia za kipato cha chini, lakini ukomo wa fungu la gharama nyingine, likiwamo jeneza, uliachwa kuwa pauni 700 tangu 2003 hadi 2020, ulipopandishwa kuwa 1,000, ilhali bei zilikuwa zikipanda miaka yote hiyo. Kiwango chetu kipitiwe kila mwaka wa bajeti, na malipo yatoke kabla ya maziko. Msaada unaofika baada ya arobaini hulipa madeni tu.

Mama lishe hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Kanuni zinazotuzika sisi watumishi zipo tayari; kazi iliyobaki ni kuzipanua zimfikie naye.