Kanisa la Mbweni na Watu Walioanza Ukoo Upya



Wageni wengi wanaoshuka katika uwanja wa ndege wa Unguja huwa tayari wana jina moja mdomoni: Nungwi. Huko ni kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, karibu kilomita 60 kutoka mjini, penye mchanga mweupe na mafundi wa majahazi. Hatuwalaumu, maana Nungwi ni pazuri. Lakini katika haraka yao ya kwenda kaskazini wanaacha nyuma yao, si mbali na uwanja huo huo wa ndege, mahali padogo ambapo mwezi huu tungependa kuwapeleka ninyi akina mama pamoja na watoto wenu. Mahali hapo panaitwa Mbweni.

Mbweni iko kusini ya Mji Mkongwe, mwendo wa kama kilomita saba, upande wa bahari. Ardhi yake imeinuka kidogo, kisha inateremka hadi kwenye majabali ya matumbawe na mikoko. Maji yakijaa, mikoko husimama ndani ya bahari. Maji yakitoka, hubaki tope na mizizi, na kaa wakikimbilia mashimoni. Juu yake ni minazi na miembe mikubwa yenye kivuli kizito. Siku hizi mji umesogea, na nyumba nyingi mpya zimejengwa huko. Hata hivyo, katikati ya miti hiyo bado limesimama kanisa la Mtakatifu Yohana, lenye kuta za mawe na chokaa, mnara wake, na makaburi yake.

Ukiliona unaweza kudhani limeng'olewa katika kijiji fulani cha Uingereza au Uskoti na kuwekwa chini ya minazi. Kule, kijiji cha zamani huwa na kanisa lake la mawe, na kulizunguka wamelala mababu wa mababu. Mtu akisoma majina yaliyochongwa juu ya makaburi anausoma ukoo wake mwenyewe. Hapo ndipo Mbweni inapotofautiana na vijiji hivyo. Watu waliosali kwanza katika kanisa hili hawakuwa na babu hata mmoja aliyezikwa hapo. Wengi hawakujua hata kama wazazi wao walikuwa hai.

Ni watu gani hao? Walikuwa watumwa walioachwa huru.

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu, walifika Unguja mwaka 1864 wakiongozwa na Askofu Tozer. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa askofu. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Mahali pa soko hilo, pale Mkunazini, ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu.

Lakini soko kufungwa si biashara kwisha. Majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri, hasa kuelekea Pemba, kwenye mashamba ya karafuu. Mkondo ule unaotazamwa na Nungwi, ambao watalii huupiga picha jua linapozama, ulikuwa njia ya machozi. Manowari ya Kiingereza iitwayo London iliwekwa bandarini Unguja tangu mwaka 1874 ili kuyakamata majahazi hayo. Mwezi wa Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulisimamisha jahazi moja.

Watu waliookolewa walipelekwa wapi? Kuwarudisha kwao haikuwezekana. Mtoto wa miaka sita aliyetolewa karibu na Ziwa Nyasa hakuweza kuonyesha njia ya kwao, na hata angeweza, njia yenyewe ilikuwa imejaa watekaji. Kwa hiyo walio wengi waligawanywa kwa misheni. Wengine walipelekwa Frere Town, Mombasa, ambako Wakristo wa CMS waliwafungulia makao mwaka 1875. Wengine waliletwa Mbweni. Watu wazima walipewa viwanja vidogo na nyumba za makuti wakalima. Wasichana waliwekwa katika shule ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yapo mpaka leo, kuta bila paa, na miti imeota ndani. Wavulana walisomeshwa Kiungani, njia ya kurudi mjini. Na mwaka 1882 likazinduliwa kanisa tunalolizungumzia.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Mama mmoja aliota moto na mwenzake asiyejua hata mlima wa kwao unaitwaje. Alipojifungua hapakuwa na mama yake mzazi wa kumkanda, wala shangazi, wala bibi wa kumwita mtoto jina la ukoo. Waliokuwapo ni majirani. Basi jirani akawa shangazi, na mwanamke mwenye umri mkubwa kidogo akawa bibi wa kijiji kizima. Hivi ndivyo Mbweni ilivyojengwa, kabla ya jiwe la kwanza la kanisa.

Mwanamke mmoja wa Kiingereza anakumbukwa sana huko. Ni Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuisimamia shule ya wasichana hadi mwaka 1902. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926, akazikwa Mbweni, kati ya watu aliowafundisha. Karibu yao aliishi pia Mskoti mmoja, Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Alikuwa na nyumba na bustani huko Mbweni, akijaribu mimea ya nchi nyingine katika udongo wa Unguja. Pengine mfano huo unawafaa hata wanakijiji wenyewe. Nao walikuwa miche iliyong'olewa mbali na kutakiwa ishike mizizi upya.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi, akina mama. Mbweni haikuwa peponi. Sheria za misheni zilikuwa kali, na wapo waliozichoka. Wasichana walitengwa makundi: walioonekana wepisi wa kusoma walifundishwa ualimu, na waliobaki walifundishwa kushona, kufua na kusuka mikeka. Ndoa zao zilipangwa kwa kiasi kikubwa na wakubwa wa misheni, waliotaka walimu na makasisi wao wapate wake Wakristo. Binti aliyetoka kwenye jahazi la watumwa aliachwa huru kweli, lakini uhuru wake ulikuwa na kengele ya kuamka, ya kula na ya kulala. Tukiwasimulia watoto wetu habari hii, tuwasimulie na hilo pia. Shukrani haihitaji kufumba macho.

Wala usalama wao haukuwa wa kudumu. Mwaka 1876 Askofu Steere alilichukua kundi la watu wa Mbweni waliotaka kurudi upande wa kwao, akawafikisha Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, nao wakaanzisha kijiji. Miaka sita ikapita. Mwaka 1882, mwaka ule ule wa kanisa la Mbweni, Wagwangwara waliivamia Masasi. Wengine waliuawa, na wengine wakatekwa kwa mara ya pili katika maisha yao. Askofu Steere naye alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka huo huo, akazikwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini. Fikiria mama wa Mbweni aliyeingia katika kanisa jipya mwaka huo, huku rafiki yake aliyekwenda Masasi hajulikani aliko. Kanisa lile halikujengwa na watu waliokwisha kusahau machungu. Walisali wakiwa nayo.

Hata hivyo miche ilishika. Mmoja wa mabinti wa Mbweni aliitwa Lucy Magombeani. Aliolewa na Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury, Uingereza. Majaliwa alifanywa shemasi mwaka 1886 akapelekwa Chitangali, kusini, kati ya Wayao. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo. Vitabu vimeandika kurasa nyingi juu ya mume. Juu ya Lucy utapata mistari michache tu. Je, ni nani aliyewapokea wageni katika nyumba ya padri? Ni nani aliyewalea watoto mbali na bahari aliyoizoea? Sisi wanawake tunalijua jibu bila kusoma kitabu.

Hili ndilo tunalotaka msomaji alichukue. Katika makanisa yetu mengi, na katika familia zetu, majina ya wanaume yamechongwa kwenye mawe, na majina ya wanawake yamebaki vinywani mwa wazee. Wazee wakiondoka, majina nayo huondoka. Watu wa Mbweni walipoteza ukoo kwa kuporwa. Sisi je, tuupoteze kwa uvivu wa kuuliza?

Kwa hiyo mkipata nafasi, nendeni Mbweni. Kutoka mjini si safari ndefu wala ya gharama kubwa. Vaeni mavazi ya heshima, maana ni nyumba ya ibada na majirani wengi ni Waislamu waliokaa na kanisa hili kwa vizazi vingi. Mkifika, muulizeni mtunza kanisa kabla ya kuingia. Tembeeni polepole makaburini, watoto wasiruke juu ya makaburi wala wasiokote kitu. Wasomeeni majina yanayosomeka. Palipofutika, waambieni kwamba hapo pia amelala mtu aliyekuwa na mama.

Na ambaye hawezi kufika Mbweni anayo kazi ya kufanya nyumbani. Chukua daftari la shule la mtoto, kaa na bibi jioni moja, umuulize: mama yako aliitwa nani? Na mama yake? Alizaliwa wapi, alizikwa wapi, alipenda kupika nini? Andika hata kama jibu ni fupi. Bibi akisema hajui, andika kwamba aliulizwa. Daftari likijaa, lihifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa, si kabatini pamoja na magazeti ya zamani.

Kwa wale ambao ukoo wao umekatika, kwa vita, kwa ukimbizi, kwa yatima au kwa ugomvi wa nyumbani, Mbweni ina neno la pekee. Wanawake wa pale hawakungoja ukoo uliopotea urudi ndipo wawe na watu. Walimkanda jirani, wakambeba mtoto wa mwenzao, wakamwita mgeni dada. Watoto waliozaliwa pale wakakua wakiwa na shangazi wengi kuliko sisi wengine.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda. Tuandikieni mkishamaliza daftari la bibi.