Hema Katika Nchi ya Chai, na Pango la Elgon

Likizo ya mwisho wa mwaka ikaribiapo, suali huwa ni lile lile katika nyumba zetu za pwani: watoto wapelekwe wapi? Zamani jibu lilikuwa Lamu, au kwa shangazi Malindi. Siku hizi vijana wetu wataka bara, tena bara ya baridi; wataka kulala hemani na kuota moto. Wazazi kadhaa wametuomba tuandike juu ya safari ya Kericho na Bomet, ambayo wengi huiunganisha na mapango ya Mlima Elgon. Twaandika, ila tutakaa zaidi juu ya pango, kwani hapo ndipo penye neno.

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Atokaye Mvita na shuka moja na kikoi atakesha akitetemeka. Asubuhi jua huwa safi, lakini baada ya adhuhuri mawingu hukusanyika, na mvua ikinyesha mara nyingi huja ya mawe, ambayo wakulima waiogopa kwa kuwa hupasua majani machanga ya chai. Hema basi lifungwe mapema, mahali palipoinuka, na mfereji mdogo uchimbwe kulizunguka. Mashamba makubwa yana wenyewe. Asitue mtu hema humo bila idhini. Watoto wataona wachumaji na vikapu vyao mgongoni, na pengine wataona mashine zikichuma mahali pa watu. Mzazi na awaeleze kuwa mwezi wa Mei 2023 mashine hizo zilitiwa moto na wenyeji waliohofia riziki yao. Twaona ni somo kubwa kuliko picha za simu. Bomet nayo ina maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores, ambao mbele huungana na Amala ukawa mto Mara. Ni mwendo mzuri wa siku moja.

Jambo la sala lisisahauliwe. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini barabara, kwa kuwa Makka iko karibu katika mstari mmoja nasi. Kericho kibla hulalia mashariki kidogo, kama nyuzi kumi na moja au kumi na mbili, na Elgon zaidi ya hapo. Vilevile jua huchwa huko dakika kadhaa baada ya kuchwa Mombasa. Ratiba ya msikiti wa mtaani kwetu haifai kwa magharibi ya huko.

Sasa pango. Kutoka Kericho kupitia Eldoret hadi Kitale ni safari ya siku, na kutoka Kitale si mbali kufika lango la Chorlim la Mbuga ya Elgon, ambako Shirika la Wanyamapori, KWS, lina viwanja vya kupiga hema. Humo mna mapango ya Makingeny, Chepnyalil na Kitum, nalo Kitum ndilo lenye sifa kuu. Sisi twajua pango la Shimoni, lililo katika mwamba wa matumbawe. Kitum ni namna nyingine: limo ndani ya majivu ya volkano yaliyoganda yakawa jiwe, na jiwe hilo lina chumvi. Ndovu huingia usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, kisha hukwangua ukuta kwa pembe na kutafuna vipande. Alama za pembe zao zaonekana ukutani. Wasabaoti, ambao ni ndugu za Wakipsigis wa Kericho kwa lugha na asili, waliishi katika mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao. Ni ajabu ya kuonwa, na hatumlaumu mtoto anayeililia.

Lakini mna popo. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akiishi magharibi mwa Kenya aliugua baada ya kulitembelea Kitum, akafia Nairobi kwa homa ya Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 aliyekuwa ameingia pango hilo hilo alifariki kwa ugonjwa huo huo. Mwaka 2008 watalii wawili waliozuru pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda, waliupata, na mmoja akafa. Leo yajulikana kuwa popo walao matunda wakaao mapangoni hubeba virusi hivyo bila wao wenyewe kuugua. Hakuna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa.

Wengi wameingia Kitum wakatoka salama, na wako watakaosema tunatia watu hofu bure. Sisi twasema hivi: mlango wa pango na mwanga wake watosha kwa familia. Mtoto mdogo asipelekwe ndani kwenye popo, wala mja mzito. Mtu mzima akitaka kuingia, aingie pamoja na askari wa mbuga, amevaa barakoa, glavu na viatu vilivyofunika mguu, asishike ukuta wala kinyesi, asile chochote humo, na anawe kwa sabuni kabla ya kukaribia chakula. Wala mtu asiende huko usiku. Saa hizo ni za ndovu.

Na liko la baada ya safari, ambalo twaona ndilo hupuuzwa zaidi. Ugonjwa huu huweza kujitokeza hadi siku 21 tangu kuambukizwa, nao huanza kwa homa kali ya ghafla na kichwa kuuma, mfano wa malaria. Pwani kila homa huitwa malaria. Basi tarehe ya kuingia pangoni iandikwe na ibandikwe mlangoni pa jokofu, na yeyote atakayeshikwa na homa kabla ya siku hizo kwisha apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe, kabla ya kumgusa mgonjwa, kwamba huyu aliingia pango lenye popo.