Buibui wa Mitini Hufa kwa Kutunzwa Mno

Barua ya juma hili imetoka kwa msichana wa kidato cha tatu. Mjomba wake anaishi Ujerumani, na huko, tofauti na kwetu ambako buibui hupigwa ndara kabla hajatimiza hatua mbili ukutani, wapo watu wanaowafuga. Mjomba alinunua watoto wanne wa buibui wakubwa waitwao tarantula, aina ile ikaayo mitini. Kila mmoja angeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na rangi yao ilikuwa samawati ya kumeta. Aliwatia katika vikopo vya plastiki, akafunika barabara wasitoroke, akawa anawanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa kuwa aliambiwa kwao ni kwenye joto na mvua. Katika muda wa wiki sita watatu wamekufa. Mjomba sasa anasema hana bahati ya mifugo, na mpwa wake anauliza amekosea wapi, maana hakuna siku aliyosahau kunyunyiza.

Binti yangu, mwambie mjomba hilo la kutosahau ndilo kosa lenyewe.

Kwa jinsi ulivyoeleza rangi yao, hao ni buibui wa kisiwa cha Martinique, katika bahari ya Karibi. Jina lao la kitaalamu ni Caribena versicolor. Hadi mwaka wa 2017 waliitwa Avicularia versicolor, na wafugaji wengi wangali wanatumia jina hilo la zamani. Hilo neno la pili lina maana ya mwenye kubadili rangi, na kweli hubadili. Huzaliwa samawati, kisha kila wanapojivua gamba rangi hugeuka kidogo kidogo, mpaka buibui mzima awe na mgongo wa kijani wenye kung'aa, tumbo la malaika mekundu na miguu yenye wekundu wa zambarau. Wapo watu waliolipa fedha nyingi kwa ajili ya rangi hizo tu. Jike akitunzwa vyema aweza kuishi miaka kumi na zaidi. Dume, maskini, hana maisha marefu baada ya kubalehe.

Hilo jina Avicularia nalo lina kisa chake. Mwaka wa 1699 mama mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Maria Sibylla Merian, alisafiri na binti yake hadi Suriname, Amerika ya Kusini, kuchora wadudu na mimea. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1705 alimchora buibui mkubwa mtini akimla ndege mdogo. Wasomi wengi wa baadaye walimcheka, wakadai mama huyo alidanganywa. Hata hivyo Linnaeus, mwaka wa 1758, alimpa buibui wa namna hiyo jina linalotokana na neno la Kilatini la ndege mdogo. Ilipofika mwaka wa 1863 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka kumi na mmoja katika msitu wa Amazon, aliandika kwamba amemwona kwa macho yake buibui wa aina hiyo akiwa na ndege wawili aliowanasa. Bates huyo huyo anasimulia jinsi alivyowakuta watoto wa familia moja wamemfunga buibui mkubwa kamba kiunoni wakimtembeza nyumbani kama mbwa. Nayataja haya kwa ajili ya wazazi wanaodhani watoto wao ndio watundu.

Turudi kwa vikopo vya mjomba.

Ni kweli kwamba Martinique kuna mvua na joto. Lakini aliyemshauri mjomba alisahau kumtajia upepo. Kisiwa hicho hupigwa na pepo za mashariki zitokazo Atlantiki karibu mwaka mzima. Mvua hunyesha, majani yakalowa, kisha upepo na jua vikayakausha. Buibui naye yuko juu mtini, ndani ya bomba la utando alilolisuka baina ya majani au penye gome. Hewa inampitia mchana na usiku. Anapotaka maji hunywa matone yaliyonasa kwenye utando, halafu matone yale yanakauka.

Wasomaji wetu wa Mombasa wataelewa upesi. Keti barazani wakati wa kusi: hewa ina unyevu, jasho linakutoka, lakini unapumua na maisha ni matamu. Sasa ingia katika stoo isiyo na dirisha, mwagia maji sakafuni, ufunge mlango. Unyevu ni ule ule. Wewe utastahimili kwa dakika ngapi?

Kikopo kilichofunikwa kikanyunyiziwa mara mbili kwa siku ndicho hiyo stoo. Ukuta wake hujaa matone, udongo haukauki, mabaki ya chakula yanaota kuvu, utitiri unaingia. Buibui hana pua. Anapumua kwa mapafu manne yaliyo chini ya tumbo, ambayo kwa ndani yamepangika kama kurasa za kitabu, na hewa hupita baina ya kurasa hizo kufikia damu. Mtoto wa buibui akiwa porini akaona mahali alipo pana unyevu mno, hupanda tawi jingine. Akiona pakavu, hushuka. Katika kikopo hana pa kwenda. Mwenye nyumba ameshamchagulia hali ya hewa.

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya na Marekani walishauriwa hivyo hivyo alivyoshauriwa mjomba: unyevu, unyevu, na unyevu zaidi. Buibui wachanga wa jamii hii walikufa kwa wingi, tena ghafla, jioni yu mzima na asubuhi amekunja miguu chini ya tumbo. Ilifika hadi wafugaji wakauita msiba huo ugonjwa wa kifo cha ghafla, kana kwamba ni maradhi yenye jina lake hospitalini. Na kila mmoja wao alipokufa, mwenyewe alidhani hakunyunyiza maji ya kutosha, basi yule aliyesalia akaongezewa. Waliothubutu kufanya kinyume, wakatoboa vikopo na kupunguza maji, ndio walioanza kuwaona watoto wakikua.

Mtu asinisikie vibaya akaenda upande wa pili. Ukavu nao unaua, na mtoto wa buibui, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, hupoteza maji haraka kuliko mzima. Hawezi kukaa juma zima bila tone kama mama yake. Kinachotakiwa ni maji yapatikane na hewa ipite, vyote viwili.

Basi mjomba na afanye hivi. Achukue kikopo chenye kimo kuliko upana, kwa kuwa huyu ni mpanda miti wala si mchimba shimo. Kiwe na ukubwa wa bilauri ndogo, maana katika nyumba kubwa mno mtoto atapotea na chakula chake hatakiona. Apashe sindano moto, atoboe matundu mengi ubavuni, upande huu na upande wa pili, ili hewa ikiingia hapa itokee pale. Matundu ya kifunikoni pekee hayatoshi, kwani hewa iliyo chini hubaki imelala. Kila tundu liwe dogo kuliko kichwa cha buibui, la sivyo asubuhi atamtafuta nyuma ya kabati. Chini atie makumbi ya nazi yaliyosagwa, kiasi cha vidole viwili. (Naam, makumbi yale yale ambayo pwani hufanyiwa kamba na magodoro, Ulaya huuzwa madukani kwa ajili ya mimea na wanyama kama hawa.) Kisha asimamishe kipande cha gome la mti, na karibu na ncha yake ya juu aweke majani mawili matatu ya plastiki ambayo buibui ataegemeza utando wake.

Kuhusu maji, tone moja au mawili yaanguke juu ya utando au ubavuni mwa kikopo, na kona moja tu ya makumbi ilowe. Halafu aache mpaka pakauke kabla ya kurudia. Wengine huweka kizibo chenye maji, wakakibandika juu karibu na bomba la utando, nayo ni njia nzuri. Akiona ukuta wa kikopo umefanya ukungu hadi haoni ndani, ajue amezidisha, afungue kikauke. Asiweke taa ya kupasha joto juu yake. Joto la kawaida la nyumba, baina ya nyuzi 22 na 27, linamfaa.

Kuna jambo ambalo huwaumiza wengi. Watoto hawa hupenda kusuka nyumba yao juu kabisa, mara nyingi wakiishikiza kwenye kifuniko chenyewe. Kila unapofungua kumpa chakula unang'oa paa la nyumba yake. Atasuka tena, na kesho utang'oa tena. Wafugaji wenye ujuzi hukigeuza kikopo juu chini, kifuniko kikawa ndiyo sakafu, wakakitoboa kitundu cha kupitishia chakula na kukiziba kwa pamba au sponji. Wakati wa kusafisha hufungulia chini, naye mwenye nyumba hajui kama kuna mgeni.

Chakula si tatizo. Wale nzi wadogo wa matunda wasioweza kuruka, ambao huuzwa kwa kazi hiyo, wanamtosha mwanzoni. Baadaye nyenje wachanga wasiozidi tumbo lake kwa ukubwa. Ale mara mbili kwa wiki. Asipogusa chakula katika siku moja, kitolewe. Mtoto mdogo kabisa hukubali hata paja la nyenje aliyekwisha kuuawa, hivyo asiyetaka kuona mapigano mezani ana njia.

Siku zitafika ambapo atakataa kula kabisa, tumbo likiwa limejaa na kung'aa, na atajifungia ndani ya bomba lake kwa utando mzito. Hapo ndipo wengi hupatwa na wasiwasi, wakafungua, wakamchokoa kwa kijiti, wakamlowesha. Mwacheni! Anajiandaa kujivua gamba. Huenda akakaa hivyo wiki kadhaa. Nyenje hai asiachwe humo, kwa sababu buibui aliyetoka gambani ni laini kama ugali mbichi na nyenje atamtafuna. Akisha kutoka, meno yake ya sumu huwa meupe, kisha mekundu, kisha meusi. Apewe chakula yakishakuwa meusi.

Je, anauma? Anaweza, lakini hupendelea kukimbia, na anakimbia kweli, tena huruka kwa ghafla. Akiudhika sana hugeuza nyuma na kukurushia kinyesi, na hulenga shabaha vizuri kuliko unavyotarajia. Malaika ya tumbo lake huwasha ngozi na macho. Kwa hiyo si mnyama wa kushikwa na watoto, wala yeye hanufaiki na kushikwa. Akianguka kutoka mkononi tumbo hupasuka, na hapo hakuna tabibu.

Najua baadhi ya wanafunzi wanaosoma hapa wamekwisha kutupia jicho ile mitungi ya jam iliyo jikoni. Ngojeni kwanza. Tarantula wa kwetu Afrika Mashariki wengi ni wa mashimoni, mathalan Pterinochilus murinus anayepatikana hapa Kenya, ambaye hana malaika ya kuwasha lakini ana hasira za haraka na uchungu wa kuumwa naye haupoi upesi. Na sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haihusu ndovu na simba pekee. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa kupatikana na siafu. Nimekosea, si siafu, ni sisimizi wakubwa wavunao mbegu, malkia wapatao 5,000 waliotiwa katika vichupa vya maabara vyenye pamba. Vijana hao walisema hawakujua. Anayetaka kufuga kiumbe cha porini na aulize kwanza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Yule wa mjomba huenda amezaliwa Ulaya ndani ya kikopo, kwani jike mmoja hutaga zaidi ya mayai mia moja katika mfuko mmoja, na siku hizi wengi wanaouzwa huko ni wa kuzalishwa nyumbani.

Sasa yuko yule wa nne. Binti yangu, ujumbe wa simu hufika Ujerumani kabla chai haijapoa, kwa hiyo usingoje Jumapili ijayo. Mwambie mjomba akitoboe kikopo leo, ubavuni pande mbili, lakini amhamishe kwanza buibui katika chombo kingine sindano isije ikamfikia. Aondoe makumbi yaliyolowa, atie makavu, kisha alowe kona moja. Aweke tone juu ya gome, afunike, na chupa ile ya kunyunyizia aifungie kabatini. Kwa siku nne tano asimguse. Akiona utando mpya umeanza kusukwa karibu na majani, hapo anaweza kumpa nzi mmoja.

Na akijivua gamba salama, niandikie uniambie kama bado ni samawati au kijani kimeanza kuonekana mgongoni.